Tisa Iliyojaa

Mimi ni mtu wa kuuliza. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikimuuliza mkunga anatoka wapi, na ingawa alitia chumvi, tabia yangu hakuikosea. Kwa hiyo jirani yangu wa ghorofa ya tatu aliponiuliza kwenye lifti, asubuhi moja ya mwisho wa Agosti, kama huwa naelekea upande gani nikitoka na gari, sikumjibu. Nilimuuliza kwanza kwa nini anataka kujua.

Alikuwa mzee wa miaka themanini na minane, mrefu, ameinama kidogo mabegani, na mkononi alishika mfuko mdogo wa mahameli ya buluu uliotariziwa nyota. Tulikuwa tumeishi jengo moja hapo kitongoji cha New Hope karibu miaka minne tukizungumzia hali ya hewa tu, kama wafanyavyo majirani wa huku. Siku hiyo akanieleza, bila kuona haya, kwamba binti yake amemnyang'anya funguo za gari. Wiki iliyopita alikuwa ameligonga sanduku la barua la mtu, na mwezi uliotangulia akagonga jingine.

"Masanduku mawili kwa miaka sabini ya kuendesha gari si mengi," akasema. "Lakini binti yangu haikubali hesabu hiyo."

Alikuwa amefundisha hesabu shule ya upili kwa miaka thelathini na mitano. Alichotaka sasa ni kufika sinagogi kabla ya saa moja na robo asubuhi, siku zote za kazi. Wikendi alikuwa na watu wake wa kumchukua, na kurudi nyumbani kulikuwa na rafiki wa kumrudisha baada ya kahawa. Tatizo lilikuwa asubuhi. Na sinagogi hiyo iko njiani kwangu kabisa, maana mimi huwatoa watu damu kwenye kliniki moja ya Golden Valley, na kazi yangu huanza saa mbili.

Nilikubali, na tafadhali msinipongeze kwa huruma. Nilitaka tu kujua ni kitu gani kinachoweza kumtoa mzee wa umri ule kitandani kila siku iendayo kwa Mungu, wakati mimi Jumapili moja kwa mwezi ilikuwa ikinishinda. Nilikuwa na sababu zangu, shifti za wikendi, goti, nguo za kufua. Sababu hazijawahi kuniishia.

Asubuhi ya kwanza nilimuuliza maswali kuanzia kwenye maegesho yetu mpaka kwenye maegesho yao. Mfuko wa buluu una nini? Shali ya kuombea, akasema, na mikanda ya ngozi ya kufunga mkononi na kichwani, yenye vijisanduku vilivyotiwa maandiko. Kwa nini kila siku? Akafikiri kidogo. Akanieleza kwamba tuko katika mwezi wa mwisho wa mwaka wao, mwezi wa kujichunguza, na kwamba kila asubuhi ya mwezi huo mtu hupuliza pembe ya kondoo dume, kisha wote wanasoma zaburi fulani ambayo ndani yake mtu anamwomba Mungu jambo moja.

"Jambo moja tu?"

"Moja tu. Akae nyumbani mwa Mungu siku zote za maisha yake."

"Na chakula? Na watoto?"

"Hayo yako kwenye zaburi nyingine," akasema, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akanigeukia. "Na wewe huwa unaomba nini?"

Nikamwambia, kwa kuwa ameuliza. Mtihani wa uuguzi wa mwanangu. Viza ya dada yangu, ambayo imekwama. Goti langu. Shamba la mama lenye kesi. Msimamizi wangu wa kazi, Mungu amlainishe moyo au ampe kazi mahali pengine. Nilikuwa bado naorodhesha tulipofika. Mzee alisikiliza yote kwa heshima, akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje.

"Ni mambo mazuri yote," akasema. "Ila nimesikia unachotaka kutoka kwake. Sijasikia kama unamtaka yeye."

Niliondoka pale kwa kasi ambayo maegesho ya nyumba ya ibada hayaistahili. Nilikasirika siku nzima. Mtu unambeba bure, naye anakukagua maombi yako! Nilimchoma mgonjwa wangu wa kwanza mara mbili kabla ya kuupata mshipa, jambo ambalo si kawaida yangu. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilijua mzee amesema kweli. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimwomba Mungu kama mtu anayeagiza vitu dukani kwa simu, nikishamaliza kutaja nakata.

Lakini kesho yake nilimchukua tena, kwa sababu nilikuwa nimepata maswali mapya.

Mwezi wa Septemba wote nilikuwa nikimshusha na kwenda kunywa chai yangu kwenye gari, mbele ya kliniki, mpaka saa mbili ifike. Oktoba baridi ilipoanza, mama mmoja aliyekuwa akifungua mlango wa sinagogi kila asubuhi, mtu wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alinifuata nje akagonga kioo. Aliniambia ndani kuna benchi kwenye ukumbi, kuna kahawa, na hakuna sababu ya mtu kukaa garini akichoma mafuta. Nikaingia. Benchi lilikuwa nje ya chumba kidogo cha maombi, mlango wake huachwa wazi, nami nikawa nakaa pale na kikombe changu, nikichungulia kila kitu bila kuingia. Nilijiambia ni adabu, kwamba si vizuri kuvamia ibada ya watu. Ukweli ni kwamba benchini mtu anaweza kutazama bila kutakiwa kitu chochote.

Huko ndiko nilikojifunza habari ya kumi. Pasipo watu wazima kumi, kila mtu anaomba peke yake kimoyomoyo, na sehemu kubwa za ibada hazisomwi. Sala ya waliofiwa haisomwi. Torati haitolewi kabatini. Wakifika kumi, basi ni mkutano, na ibada nzima inafanyika. Katika sinagogi ile wanawake pia walihesabiwa, na wengi wa waliokuwa wakija walikuwa wanawake. Kulikuwa na dada mmoja mweusi kama mimi, na bwana mmoja ambaye uso wake ulitoka Korea. Wote walihesabiwa. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililokuja kuniponza.

Na jinsi walivyohesabu! Hawakusema moja, mbili, tatu. Yule mama wa mlangoni alikuwa akitamka mstari mmoja wa maandiko wenye maneno kumi, kila mtu akipewa neno lake kwa kutazamwa tu, na mstari ukikatika kabla ya mwisho wanajua wangapi wamepungua. Asubuhi nilipoligundua hilo nilikaribia kumwaga kahawa. Siku iliyofuata nikamkalia mzee kooni tangu kwenye lifti.

"Kwa nini hamhesabu watu?"

"Mtu si gunia la viazi," akasema. "Ukimhesabu unaanza kumwona kama hesabu. Na nakuambia hivyo mimi niliyekula mshahara wa hesabu maisha yangu yote."

Nikamwambia kwetu Nyeri ni hivyo hivyo. Nyanya yangu hakukubali kabisa mtu ahesabu watoto wake, wala mbuzi wake. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi atakuambia wako, wanakula. Na wazee wetu, wanaposimulia mabinti wa mama wa kabila letu, ambao walikuwa kumi, hawasemi kumi. Wanasema tisa iliyojaa.

Mzee aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza inasemwaje kwa Kikikuyu, nikamwambia, akajaribu akashindwa, akajaribu tena. Akataka kujua ni nani anayeijaza hiyo tisa na kwa nini hatajwi, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekosa jibu. Tulikaa dakika tano ndani ya gari lililokwisha kusimama, na nusura achelewe.

Jambo moja tu sikumuuliza. Kila nilipochungulia kutoka benchini nilimwona amekaa kiti cha pili kutoka mlangoni, na kiti cha kwanza, kile cha pembeni, amekiwekea koti lake. Chumba kilikuwa na kulabu za makoti ukutani, na viti vitupu tele, lakini koti lilikuwa hapo daima, limekunjwa vizuri kama mtu. Mke wake alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Nikaelewa mwenyewe, nikamwonea huruma, nikanyamaza.

Novemba watu wakaanza kupungua. Wengine huenda Arizona na Florida na hawarudi mpaka majani yachipue. Mmoja aliumwa, mmoja akateguka nyonga kwenye barafu. Asubuhi nyingi walikuwa wanane, au tisa, wakitazama mlango. Kamati ya sinagogi ikasema ibada ya kila asubuhi haiwezi kuendelea hivyo. Wataangalia Januari nzima, na kama kumi haipatikani, ibada itafungwa, na anayetaka kuomba asubuhi atakwenda kwenye sinagogi nyingine ng'ambo ya mto, Saint Paul. Yule mama wa mlangoni alibandika karatasi ukutani, akawa anatia alama kila siku, walifika au hawakufika.

Mzee aliniambia habari hizo kwa sauti ya kawaida. Sauti ilimkatika alipofika sehemu ya pili. Binti yake, anayeishi Maplewood, mwisho mwingine kabisa wa mji, alikuwa amemtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee karibu naye. Ni mahali pazuri, akasema, kuna bwawa la kuogelea na bustani. Binti alikuwa amekubali baba abaki New Hope kwa sababu ya ile ibada tu. Ikifungwa, hakuna sababu ya mzee wa miaka themanini na minane kuishi peke yake na jiko la gesi.

"Na huko Maplewood utaomba wapi?"

"Huko kuna bingo," akasema, akatazama dirishani.

Nilimwona anaogopa. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa, wala barafu, wala ugonjwa. Mtu huyu alikuwa akiomba jambo moja, mwaka baada ya mwaka, nalo lilikuwa linataka kumtoka mikononi kwa sababu ya watu wawili au watatu waliopenda kulala. Mimi nikishikwa na hasira huwa siwezi kukaa kimya. Na kwetu sisi, maombi yakikosa watu, dawa inajulikana.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Januari. Karatasi ya ukutani ilikuwa na mapengo mengi mno, na mama wa mlangoni alikuwa ameniambia kwamba kamati inakutana Alhamisi jioni. Jumatano nikiwa kwenye mapumziko ya chakula, nikaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, kile cha ushirika wa kanisa wa nyumba kwa nyumba: "Wapendwa, kuna mzee jirani yangu, maombi yao yanakosa watu na wanataka kufunga. Kesho saa moja asubuhi, mje tusimame naye. Vaeni warm. Parking iko."

Niliuliza maswali mia kwa miezi mitano, na swali moja, ni nani anayehesabiwa, halikunijia. Nilikuwa nimemwona dada mweusi akihesabiwa, nimemwona Mkorea akihesabiwa. Mimi mwenyewe sikuhesabiwa, lakini mimi nilikaa benchini. Nilidhani ukiingia ukakaa, umo.

Asubuhi ya Alhamisi kulikuwa na baridi ile inayogandisha kope. Nilipoegesha na mzee, magari matatu yalikuwa tayari yanafuka moshi. Walikuwa wamekuja kumi na mmoja. Mwenyekiti wetu wa akina mama alikuwa amevaa kitambaa cha Jumapili chini ya koti la theluji. Wawili walikuwa wametoka moja kwa moja kwenye shifti ya hospitali, na sare zao. Kulikuwa na baba mmoja Mkongo na mkewe na mama mkwe mzee mwenye mguu mbovu, ambao hawajawahi kukosa maombi popote, hata yakifanyika juu ya mti.

"Mama, tuko présents!" akaniita yule baba. "Hata bibi amekuja, na mguu wake ule."

"Dada, umesema maombi yanakosa watu," mwenyekiti akasema, akinikumbatia na mfuko mkubwa mkononi. "Si ungesema mapema? Nimeamka saa kumi nikapika mandazi. Na chai iko kwa thermos."

Mzee alisimama katikati yetu kwenye barafu, akitazama uso mmoja baada ya mwingine. Nilidhani ni furaha.

Mama wa mlangoni ndiye aliyeniambia, ndani, polepole, akinishika kiwiko. Kwanza mandazi, kwamba chakula kilichopikwa nje hakiwezi kuingia, kwa sababu ya sheria zao za jikoni. Sawa. Kisha lile jingine. Wanaohesabiwa ni Wayahudi. Yule dada ni Myahudi. Yule bwana wa Korea ni Myahudi, alilelewa hapo tangu akiwa mchanga. Wageni wangu wanakaribishwa sana, wakae, waombe, lakini mstari ule wa maneno kumi utawapita. Chumbani mlikuwa na watu ishirini, viti vimejaa, na bado walikuwa tisa.

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikawageukia watu wangu nikawaeleza kwa Kiswahili, huku uso unaniwaka.

"Kwa hivyo sisi hatu-count?" mwenyekiti akauliza.

"Hatuhesabiwi."

Aliwaza. Mtu aliyeamka saa kumi akakanda unga ana haki ya kukasirika, nami nilikaa tayari kusutwa. Akavua glavu zake, kidole kwa kidole.

"Basi tutakaa tu," akasema. "Siwezi kurudi nyumbani hivi hivi kwa hii baridi."

Wakakaa, safu tatu za nyuma. Mimi nikarudi benchini kwa aibu. Walingoja dakika kumi, kisha kumi nyingine, na wa kumi hakuja. Basi wale tisa wakafunga mikanda yao wakaanza kuomba kwa sauti ya chini, kila mtu na lake, na sehemu zile kubwa zikarukwa. Hakuna aliyejibu amina kwa pamoja. Nyuma, watu wangu waliinamisha vichwa. Bibi wa Kongo alianza kuguna wimbo ndani ya koo, bila maneno, na hakuna aliyemnyamazisha. Nililia kidogo, kwa hasira. Nilikuwa nimemletea mzee ulimwengu mzima, na haukutosha.

Baadaye tulisimama kwenye maegesho tukigawana mandazi yaliyokwisha kuganda ukingoni. Mzee alikuja nje kutushukuru, akashikana mikono na kila mmoja. Mwenyekiti akampa kikombe cha chai. Hakunywa, kwa sababu ya zile sheria, lakini alikishika kwa mikono miwili karibu na kifua mpaka kikapoa.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nimekuletea watu wasiofaa."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mitano," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza nimeona tisa iliyojaa kwa macho yangu."

Alisema hivyo ili kunifariji, nami sikufarijika hata kidogo. Nilikwenda kazini nikijua kwamba jioni ile wanafunga.

Hawakufunga. Yule mama wa mlangoni, mtu mpole ambaye sijamsikia akipandisha sauti, alikwenda kwenye kompyuta yake akawaandikia wanachama wote barua fupi. Alinionyesha baadaye. Ilisema kwamba asubuhi hii Wakristo kumi na mmoja kutoka Kenya na Kongo walikuja katika baridi hii kutusaidia kufika kumi, wengine wakitoka kwenye shifti ya usiku, na mama mmoja akitembea kwa shida. Tulibaki tisa. Basi, hakuongeza kitu.

Ijumaa asubuhi walikuwa kumi na sita. Wengine walikuwa na suruali za kulalia chini ya makoti, na nyuso za watoto waliofumaniwa. Jumatatu walikuwa kumi na wanane. Aibu ni kitu chenye nguvu, na sioni haya kusema nilifurahi kuiona ikifanya kazi. Kamati ikaahirisha mambo yake, karatasi ikabanduliwa ukutani, na binti wa mzee akaacha kutaja Maplewood. Mzee alibaki New Hope na jiko lake la gesi.

Machi kulipoanguka theluji nzito ya mwisho, nilimpigia simu kabla hajateremka. Nilimwambia sasa wako wengi, hawamkosi, alale siku moja kama binadamu wengine.

"Kwani ulidhani naenda kwa sababu wanakosa mtu?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alishangaa kweli.

"Si ndivyo?"

"Mimi naenda kwa sababu yuko pale," akasema. "Nikikaa siku mbili bila kwenda, namkosa. Ningoje, nateremka."

Nilikata simu nikakaa nayo mapajani. Maisha yangu yote nimesikia watu wakisema Mungu anatenda, Mungu anafungua njia, Mungu anajibu. Sikumbuki kumsikia mtu mzima akisema anamkosa, kama mtu anavyomkosa mama yake. Nilijaribu kukumbuka kama mimi nimewahi kumkosa, na sikupata siku.

Majira ya joto yakaja. Mwishoni mwa Agosti, mwaka mmoja tangu lifti, mzee aliniambia garini kwamba ana habari njema. Mwanachama mmoja amehamia jengo la jirani yetu, mtu mzuri, mstaafu, naye anakwenda ibada kila asubuhi. Atamchukua na kumrudisha. Sitakuwa na haja ya kuamka mapema tena.

"Vizuri sana," nikasema.

Nilikasirika kuliko siku ile ya kwanza. Nilikasirika mpaka nikashangaa. Huyo mstaafu ametoka wapi, na gari lake safi? Nani alimwambia tunahitaji msaada? Jioni nikikatakata sukuma wiki nilijisikia nikibishana naye kwa sauti, mtu ambaye hata sijamwona. Ndipo kisu kikasimama. Ulikuwa wivu. Mzee hakuwa akinitoka, ningemwona kwenye lifti kila siku. Kilichokuwa kinanitoka ni ile nusu saa ya benchini. Nilikuwa nimejiambia mwaka mzima kwamba nampeleka mtu.

Jumatatu niliamka saa ile ile. Nilioga, nikavaa sare yangu, nikaendesha mpaka kwenye maegesho ya sinagogi, nikakaa garini nimefunga vioo kama mwizi. Sikuwa na mtu wa kumshusha, na bila mtu wa kumshusha sikuwa na sababu ya kuingia. Baada ya muda nikaisikia pembe ikipenya ukutani, ndefu, kisha ya kukatika katika. Mwezi ule ulikuwa umeanza tena. Nikawasha gari nikaenda kutoa watu damu.

Jumanne nilishuka. Mama wa mlangoni alinifungulia bila kuuliza chochote, na ninamshukuru hadi leo, kwa sababu ningeulizwa ningegeuka. Nililipita benchi. Nilisimama kwenye mlango wa chumba, na moyo ulinidunda kama wa mtu anayekwenda kuposa.

Walikuwa wakimngoja mtu. Agosti wengi huwa likizoni kwenye maziwa ya kaskazini. Mzee alikuwa kiti chake cha pili, ameshafunga mikanda, na koti, katika joto lile, likiwa limekunjwa pembeni yake. Aliniona. Hakushangaa hata kidogo, na hilo likaniudhi. Akanyoosha mkono, akaliondoa koti kwenye kiti, akaliweka magotini mwake.

"Hapo ni pa mkeo," nikamnong'oneza.

"Mke wangu alikuwa akikaa kule mbele. Hakuupenda upepo wa mlangoni." Akakipangusa kiti kwa kiganja. "Hiki nimekushikia tangu Oktoba."

Miezi kumi. Mimi mwenye maswali yote, hatua nne kutoka pale, na kahawa mkononi.

Nikakaa. Mama wa mlangoni akaanza mstari wake, neno kwa huyu, neno kwa yule. Macho yake yalifika kwa mzee, yakaja kwangu, yakanitazama kwa upole, yakapita. Mstari ukakatika neno moja kabla ya mwisho. Nilingoja kuona kama nitaumia. Sikuumia.

Mzee aliinama upande wangu. "Tisa," akasema.

Nilijua anangoja nimalizie.

"Iliyojaa," nikasema.

Wa kumi alipoingia akihema, akipapasa mfuko wake wa mahameli, mimi nilikuwa tayari nimefumba macho. Nilitafuta orodha yangu, viza, kesi, goti, na sikuikuta. Basi nikamwomba lile moja.